Gunia Kwanza, Sanduku Baadaye

Wiki ya kwanza ya Januari, barabara itokayo Webuye kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale hubeba mizigo ya namna mbili. Malori hupita na magunia ya mahindi. Matatu hupita na masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa, yamefungwa kamba kwenye keria. Mgeni anaweza kudhani hizo ni biashara mbili zisizojuana. Mwenyeji wa Kiminini anajua kwamba lile sanduku lilikuwa gunia juzi.

Katika sehemu hii ya Kaunti ya Trans Nzoia, jirani na Bungoma, kuiandaa nyumba kwa mwaka mpya wa masomo hakuanzii dukani. Huanzia shambani, miezi tisa au kumi kabla. Msimu mkubwa wa kilimo ni mmoja kwa mwaka: mvua huanza Machi au Aprili, na mahindi yanayopandwa nayo hukaa ardhini miezi sita hadi minane. Huvunjwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hapo ndipo pesa kubwa ya mwaka inapoingia, mara moja, na wiki chache baadaye shule zinafunguliwa. Kwa miongo mingi kalenda hizi mbili, ya mahindi na ya shule, zilikwenda pamoja kiasi kwamba hakuna aliyezihesabu kuwa mbili. Ilibidi zitenganishwe kwa nguvu, mwaka 2021, ndipo ikaonekana nyumba zilikuwa zimeegemea nini.

Habari yenyewe inaanzia kwenye mashamba ya walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Kizungu waliomaliza utumishi, na Trans Nzoia ikawa miongoni mwa maeneo yaliyogawiwa, ardhi ambayo Wasabaot na majirani zao walikuwa wakilishia mifugo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mahindi yakapata njia ya kwenda bandarini, na mashamba yakahitaji mikono. Mingi ya mikono hiyo ilitoka upande wa Bungoma: familia za Wabukusu zilihamia mashambani kama maskwota, zikapewa kishamba cha kulima na mahali pa kulishia ng'ombe wachache, nazo zikalipa kwa kazi. Sheria ya 1918 ilidai siku 180 za kazi kwa mwaka. Baadaye siku zikaongezwa na ng'ombe wakapunguzwa.

Katika nyumba ya skwota mtoto alihesabiwa kuwa mkono wa kazi. Alichunga, alifukuza ndege, aliokota mahindi yaliyobaki nyuma ya wavunaji. Shule ya shambani, pale ilipokuwepo, ilikuwa banda la madarasa machache na mwalimu mmoja, na ilidumu kwa ridhaa ya mwenye shamba. Shule zenye mizizi zilikuwa za misheni: Waquaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walisambaza zao kaskazini hadi Lugulu, na Wakatoliki walikuwa na misheni Kibabii. Wapo wazazi waliomrudisha mtoto kwa kukhu, nyanya yake, upande wa Bungoma ili awe karibu na misheni. Maandalizi yake yalikwisha kwa nusu siku. Kipande cha kitambaa kilishonwa, kichwa kikanyolewa, mguu ukabaki wazi. Kuandika kulianzia mchangani, na aliyeendelea akapewa kibao na kalamu ya jiwe.

Watoto wa walowezi walikuwa na desturi nyingine kabisa. Kitale School, shule iliyojengwa kwa ajili yao, ilikuwa na bweni. Waliopelekwa mbali zaidi walipanda treni na masanduku yenye majina yaliyopakwa rangi ubavuni. Sanduku la chuma lenye jina la mwenyewe lilianza kuonekana nchini kama kitu cha askari, cha mmisionari na cha mlowezi. Liliingia katika nyumba za Waafrika pamoja na shule za bweni, nalo liliingia polepole. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilikuwa imeukata mwendo wa masomo katika vipande vya miaka minne minne, na mtihani wa mwisho wa darasa la nne uliwatema watoto wengi kabla hawajafika popote penye bweni. Friends School Kamusinga, karibu na Kimilili, ilipoanza kupokea wavulana katika miaka ya 1950, kijiji chenye kijana mmoja wa huko kilijihesabu kuwa kimebarikiwa. Sanduku lake lilifungwa na kijiji kizima kikitazama.

Uhuru ulibadilisha mwenye shamba. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, ulikata mashamba ya Tongaren, Ndalu na Naitiri, majirani wa Kiminini, na kuwagawia wakulima wadogo kwa mkopo. Ndani ya Trans Nzoia mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na vikundi: watu walichanga hisa katika ushirika au kampuni, wakangoja miaka hadi kila mwanahisa aoneshwe mipaka yake. Familia ambazo juzi zilikuwa za maskwota zikawa na ekari tano, kumi, wakati mwingine mbili tu. Lakini zilikuwa zao, na kilichovunwa humo hakikuwa na mwenyewe mwingine.

Kisha ikaja mbegu. Kenya Seed Company ilikuwa imeanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za malisho ya walowezi. Katika kituo cha utafiti cha mji huohuo, mtafiti Michael Harrison alichanganya mahindi ya Kitale na aina moja iliyotoka Ecuador, Amerika Kusini, na mwaka 1964 mbegu chotara ya 611 ikaanza kuuzwa. Wataalamu walitarajia wakulima wakubwa waipokee kwanza, wadogo wafuate baada ya muda. Wadogo hawakungoja. Mbegu hiyo na ndugu zake waliofuata, hasa 614 ambayo mpaka leo wazee huitaja kwa namba kama wanavyomtaja mtu wa ukoo, ziliufanya mwaka wa Kiminini uwe na umbo lake: mavuno makubwa, ya muda mrefu, ya mara moja.

Hilo la mara moja ndilo la kutazamwa. Mahindi ya 614 hayaachi nafasi ya mahindi ya pili. Maragwe yaliyopandwa katikati ya mistari huvunwa katikati ya mwaka na kuokoa muhula wa pili, na maziwa ya jioni hununua sabuni na chumvi. Lakini fungu zito, lile la karo na sare na vitabu, ni la Desemba na Januari. Wakulima wa upande wa Bungoma wenye miwa walikuwa na hesabu ngumu zaidi. Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa 1975, na muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kisha mkulima angoje malipo ya kiwanda. Mtoto anaweza kupanda darasa mara mbili kabla muwa mmoja haujalipa. Mwenye mahindi wa Kiminini alizungumza na mwalimu mkuu akijua mwezi wa pesa yake, na hiyo ni heshima ya aina yake.

Ndiyo maana Desemba nyumba za huku hukaa kwa mpango ambao mtu wa mjini angeuona kama vurugu. Mahindi yamekatwa, yakasimamishwa matita shambani yakauke, yakavunjwa, yakapigwa kwa fimbo ndani ya gunia au kwa mashine inayovutwa na trekta. Yameanikwa kwenye maturubai uani, huku watoto wakizuia kuku na kuangalia wingu. Halafu yanaingia ndani. Ghala likijaa, sebule inakuwa ghala. Viti vinasukumwa ukutani, magunia yanapangwa hadi karibu na dari, na wageni wa Krismasi hukaa uani wala hawaoni ajabu. Mtoto mwenye kazi ya likizo huandika akiwa ameketi juu ya karo yake mwenyewe.

Wakati huohuo kina mama wanasiriba. Sakafu na kuta za udongo hupakwa mchanganyiko wa udongo na kinyesi cha ng'ombe kabla ya sikukuu, kazi inayowahusisha wasichana wote wa nyumba na inayotaka ifanywe mapema ili ikauke. Ni usafi wa Krismasi, lakini ndio huohuo unaofungua mwaka wa shule, kwa kuwa baada ya hapo hakuna tena nafasi. Magunia yakiuzwa wiki ya mwisho ya Desemba au ya kwanza ya Januari, sebule inarudi, meza inarudi katikati, na juu ya meza hiyo hutandazwa vitu vyote vya mwaka uliopita ili vikaguliwe. Sweta ipi inaweza kushuka kwa mdogo? Daftari lipi lina kurasa zilizobaki? Kiatu cha nani kinaingia kwa nani?

Ukaguzi huo una sheria zake, na yeyote aliyezaliwa wa tatu au wa nne katika nyumba ya watoto saba anazijua. Sare hushuka, haipandi. Kaptula mpya hushonwa na pindo refu ili ifunguliwe kadiri miguu inavyorefuka, na fundi wa cherehani kwenye baraza la duka huuliza kwanza, “Ya mwaka mmoja au ya miwili?” kabla ya kutoa futi yake. Vitabu hushuka pia, vikiwa vimejalidiwa kwa gazeti la zamani au kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Jina la kaka hufutwa kwa ukucha na mate. Kalamu pekee ndiyo hununuliwa mpya kwa kila mtu.

Kulikuwa na wakati vitu hivyo vyenyewe vilitoka karibu, jambo ambalo huonekana vizuri zaidi sasa likiwa halipo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilianza kuzalisha katikati ya miaka ya 1970, na moshi wake wenye harufu kali ulijulikana na kila aliyepita kwa basi. Karatasi za madaftari ya nchi nzima zilitoka hapo, mwisho wa barabara ileile ya Kiminini. Kitambaa cha sare kilifumwa Rivatex, Eldoret, kiwanda kilichoundwa 1976, na sweta na blanketi zilitoka Eldoret hiyohiyo. Kwa takriban miaka kumi na tano mtoto wa Kiminini aliweza kwenda shule amevaa kitambaa cha jirani na kubeba karatasi ya jirani, vyote vimelipwa kwa mahindi ya nyumbani. Rivatex ilidhoofika mwishoni mwa karne, mitumba ikichukua soko, na Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007. Webuye ilizima mitambo 2009.

Serikali nayo ilikuwa na Januari zake. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta alifuta karo kwa madarasa ya kwanza hadi la nne. Mwaka 1979 Daniel arap Moi alipiga marufuku michango ya ujenzi na kuleta maziwa ya bure ya shuleni, maziwa ya Nyayo, yaliyofanya watoto wengi waamke bila kubembelezwa. Lakini kila mlango uliofungwa ulifunguliwa dirisha: ada ya shughuli hii, mchango wa jambo lile. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, wazazi walitakiwa kujenga karakana kwa harambee, na watoto walirudi nyumbani na orodha ambazo hazikuwahi kuonekana. Somo la sanaa na ufundi lilitaka mkonge wa kamba, mti wa kuchonga mwiko, udongo wa mfinyanzi. Sayansi ya kimu ilitaka unga, mafuta na kitambaa cha kudarizi. Kwa mara ya kwanza nyumba ya mkulima ilikuwa na vitu ambavyo shule ilivitaka na duka halikuwa navyo, na wazee waliojua kusuka kamba walipata wanafunzi wapya jioni. Baadaye, katika miaka ya sera ya kugawana gharama, mzigo wa vitabu pia ukahamia kwa mzazi.

Mwaka 1993 soko la mahindi lililegezwa. Kabla ya hapo bodi ya nafaka ndiyo iliyokuwa mnunuzi halali, na kuhamisha magunia mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Sasa broka aliweza kuja hadi uani na mizani yake. Kwa nyumba inayoandaa watoto hili lilikuwa jema na baya kwa pamoja. Pesa ilipatikana siku hiyohiyo, bila foleni ya malori nje ya maghala ya Kitale na bila kungoja hundi. Lakini broka anajua tarehe ya kufungua shule kama mwalimu anavyoijua. Bei yake huwa chini wiki zile mzazi hawezi kungoja, na huanza kupanda baada ya wiki hizo kupita, sebule zikiwa tupu.

Miaka hiyohiyo nyumba nyingine hazikuwa na cha kupanga. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993 yaliwang'oa watu katika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na Januari 2008, baada ya uchaguzi, tarehe ya kufungua shule ilisogezwa mbele nchi nzima huku familia zikiwa kambini. Aliyewahi kukimbia usiku anajua kwa nini kuna wazazi ambao mpaka leo huweka vyeti vyote vya watoto kwenye bahasha moja karibu na mlango.

Januari 2003 ndiyo iliyokuwa na msongamano mkubwa kuliko zote. Serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya msingi, ikatenga Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ikaruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata, Eldoret, mzee Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, akiwa na kaptula na soksi ndefu kama wenzake. Dunia ilimshangilia. Mafundi wa cherehani walielewa jambo moja ambalo hotuba hazikulitaja: karo ilikuwa imefutwa, sare haikufutwa. Nyumba iliyokuwa na mtoto mmoja shuleni ikawa na wanne, na wanne wanahitaji kaptula nne.

Kuanzia hapo sanduku likawa mzigo wa kila kijiji. Watoto wengi waliomaliza darasa la nane walidai kidato cha kwanza, na kidato cha kwanza, kwa mawazo ya wazazi wa huku, ni bweni. Barua ya kuitwa shuleni ilikuja na orodha ya ukurasa mzima, nayo bado haijapungua: sanduku na kufuli mbili, godoro la inchi tatu, shuka mbili za rangi iliyotajwa, blanketi, ndoo, beseni, malapa, viatu vyeusi vya ngozi, sabuni ya mche, dawa ya meno, sahani na kikombe, kamusi, Biblia, madaftari ya Kasuku kwa dazeni, jembe au fyekeo. Wasichana wa St. Brigid's, shule inayojulikana zaidi Kiminini penyewe, na wavulana wa St. Anthony's Kitale hutofautiana kwa rangi ya sweta. Orodha za ndani hufanana.

Siku ya kununua vitu hivyo ni ya baba na mtoto peke yao, au mama na mtoto, na ndugu wengine hubaki nyumbani wakiwa na wivu. Sanduku hununuliwa kwa mafundi wa jua kali wa Kitale, mabati yakiwa bado yananuka rangi. Mnunuzi mzoefu hulifungua na kulifunga mara tatu na kutikisa bawaba, kisha humwita msanii wa mabango aandike jina kwa herufi nyeupe. Jina huandikwa mwisho, baada ya bei kukubaliwa, kwani sanduku lenye jina la mtoto wako hulirudishi.

Gharama yake inafaa kupimwa kwa kipimo cha nyumba yenyewe. Karo ya shule za bweni za kitaifa iliwekwa kuwa Sh53,554 kwa mwaka. Msimu wa 2017 serikali ilinunua gunia la kilo 90 kwa Sh3,200, kwa hiyo mtoto mmoja katika shule kama Kamusinga alikuwa magunia 17, chini kidogo ya mavuno ya ekari moja iliyotunzwa vizuri. Mwishoni mwa 2018 bei hiyo ilishushwa hadi Sh2,300. Mtoto yuleyule, kidato kinachofuata, akawa magunia 24. Bei ilipopandishwa hadi Sh2,500 mapema 2019 baada ya kelele za wakulima, shule zilikuwa zinafunguliwa na wengi walikuwa wamekwisha kuuza. Na wapo waliokuwa wanadai bodi malipo ya msimu uliotangulia. Mabasi ya Januari hayakungoja malipo hayo.

Halafu shule zikafungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, na wengine wote Januari 2021, wakamalizie mwaka ambao haukuwa umekwisha. Wizara ya Elimu ilipobana mihula ili kufidia muda, mwaka mpya wa masomo ulianza tarehe 26 Julai 2021.

Julai huko Kiminini mahindi yamesimama shambani, mabichi, mengine yakitoa mbelewele. Ghala lina magunia ya kula tu. Maragwe yamevunwa punde, lakini maragwe ni pesa ya muhula wa pili na hayajawahi kubeba mwaka mzima mgongoni. Mzazi aliombwa sare mpya, madaftari mapya na karo ya muhula wa kwanza katika mwezi ambao, tangu nyanya yake alipopanda 611, haukuwahi kuwa mwezi wa kuulizwa. Wazazi wakauza ndama. Wakauza mahindi yangali shambani kwa bei ya broka. Wakakopa chamani. Mwaka uliofuata ulianza tarehe 25 Aprili 2022, na huo ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Aprili ni mwezi wa kupanda na mbolea ya DAP ilikuwa imepita Sh6,000 kwa mfuko wa kilo 50. Nyumba ilikuwa na rundo moja la noti na matundu mawili ya kuzitia: mbegu na mtoto. Aliyechagua mtoto alivuna kidogo. Aliyechagua mbegu alipokea simu kutoka kwa mwalimu.

Kalenda hiyo iligonga hata mambo ambayo wizara haikuyafikiria. Wabukusu hutahiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kwa vizazi kadhaa desturi ilikuwa imejipanga na likizo ya Agosti: kijana anatahiriwa, anapona, anarudi darasani Septemba. Agosti 2022 ilikuwa katikati ya muhula. Kilichookoa hali ni uchaguzi mkuu wa tarehe 9, uliofanya shule zifungwe kwa takriban nusu ya kwanza ya mwezi. Njuga za watahiriwa na vuvuzela za kampeni zilisikika siku moja.

Tarehe 23 Januari 2023 mwaka wa shule ulirudi karibu na mahali pake, na 2024 ulianza Januari 8. Sebule za Kiminini zikajaa na kumwagika kwa utaratibu wa zamani, serikali ikatoa mbolea ya ruzuku, na mtu angeweza kusema mambo yametulia. Hayakutulia. Mfumo wa umilisi, unaochukua nafasi ya 8-4-4 na ulioanza madarasani 2019, ulikuwa umefika gredi ya saba Januari hiyohiyo ya 2023, na sekondari msingi ikawekwa ndani ya shule za msingi. Watoto ambao chini ya 8-4-4 wangefunga sanduku baada ya darasa la nane walibaki nyumbani hadi gredi ya tisa. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Januari 2025 nchi haikuwa na kidato cha kwanza. Hakukuwa na barua za kuitwa wala wateja wapya wa kufuli.

Mabadiliko hayo yalihamisha kazi kutoka bwenini hadi mezani. Mtoto wa gredi ya nane anayekula ugali wa nyumbani kila jioni anahitaji mwanga wa kusomea, na katika nyumba zilizotoka kwenye koroboi kwenda kwenye taa ya sola au nguzo ya umeme, nani akae upande gani wa meza limekuwa suala la kuamuliwa na mama mapema Januari. Kazi za mfumo mpya zinataka vitu: maboksi, vifuniko vya chupa, mbegu, picha za kuchapishwa sokoni kwa bei ya kurasa. Waliosoma 8-4-4 ya mwanzo wanacheka, kwa kuwa wanaukumbuka mwiko wao. Lakini simu ya baba imekuwa kifaa cha shule, na baba mwenyewe hurudishiwa saa tatu usiku ikiwa haina chaji.

Januari 2026 gredi ya kumi, ya kwanza nchini, iliingia shule za sekondari ya juu. Masanduku yakarudi kwenye keria. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya mtihani wa kidato cha nne 2027, kwa hiyo hadi wakati huo kuna nyumba za Kiminini zenye mtoto wa mfumo wa zamani na mdogo wake wa mfumo mpya, mmoja akiwa na orodha ya vitabu ambavyo hakuna atakayevirithi, mwingine akiwa na orodha ya vitabu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitumia kabla yake. Kushusha kitabu kwa mdogo, sheria ya zamani kuliko zote za meza ile, imesimama kwa muda. Sweta bado zinashuka, kama shule ni moja na rangi haijabadilishwa.